Kabla hujabadilisha kibodi, tazama juu ya namba 2

Wiki hii nimeletewa tena laptopu iliyokwisha kubadilishwa kibodi kwa fundi mwingine, na ugonjwa uko palepale: mwenyewe akibonyeza @ inatoka alama ya kunukuu. Amelipia kibodi, amelipia ufundi, na anwani ya barua pepe bado hawezi kuiandika. Nimechoka kusikia kwamba laptopu mpya ikiandika kitu tofauti na kilichochapwa kwenye kitufe, basi kibodi ni feki au imekufa. Kibodi mbovu hunyamaza, au hung'ang'ania herufi moja, au hutoa herufi mbili kwa pigo moja. Haihamishi @ kwenda kitufe kingine, kila mara mahali palepale.

Huku Kariakoo laptopu "mpya" mara nyingi ni mpya kwako wewe. Imetumika ofisini Uingereza au Ujerumani, ikaja kwenye kontena, ikasafishwa, ikapigwa Windows. Aliyepiga Windows alipita haraka pale alipoulizwa kibodi ni ya wapi. Tatizo lako lilizaliwa pale.

Elewa jambo moja tu: kibodi haijui herufi. Kinachotoka kwenye kitufe ni namba ya nafasi yake. Kitufe ambacho kwenye kibodi ya Marekani kimeandikwa A, Windows hukipokea kama 30 ukikibonyeza na 158 ukikiachia. Basi. Windows ndiyo inayoamua 30 ni nini. Ikiwa imeambiwa kibodi ni ya Kifaransa, 30 ni q. Wino uliochapwa juu ya kitufe haujaunganishwa na waya wowote.

Ndiyo maana mara nyingine sihitaji hata kuifungua mashine. Ujumbe wa mteja unanitosha. Akiandika "hqbqri wq leo", Windows inaamini kibodi yake ni AZERTY, yaani mpangilio wa vitufe wa Kifaransa. Wasomaji wa Bujumbura na Bukavu waliozoea AZERTY huletwa kwangu na kisa cha upande wa pili: kibodi yenyewe ni AZERTY, Windows imepigwa ya Marekani. Mpangilio wa Kijerumani ndio unaotutesa zaidi waandishi wa Kiswahili, kwa sababu Y na Z zimebadilishana nafasi na maneno yetu bado yanasomeka. Yangu inakuwa zangu, zake inakuwa yake. Mtu anaandika barua nzima akidhani sarufi ndiyo imemtoka, hadi afike kwenye "kazi" aone "kayi".

Sasa nije kwenye @, maana hapa ndipo watu wanaposhauriana vibaya. Kibodi ya Marekani ina @ juu ya namba 2. Kibodi ya Uingereza ina alama ya kunukuu juu ya namba 2, na @ iko karibu na Enter, kwenye kitufe kimoja na alama ya ritifaa ('). Tuseme una kibodi ya Marekani lakini Windows imewekwa Uingereza: ukibonyeza @ unapata alama ya kunukuu. Geuza: una kibodi ya Uingereza, Windows imewekwa Marekani. Ukibonyeza @ unapata alama ya kunukuu vilevile! Dalili ni moja, dawa zinapingana. Halafu mtu mmoja aliyepona kwa kuchagua United States anawaambia wote kwenye kundi la WhatsApp wafanye hivyo, na nusu yao hawaponi. Hao ndio wanaokwenda kununua kibodi.

Kwa hiyo usiulize lugha unayoandika. Kiswahili hakina herufi yenye alama juu, mpangilio wowote kati ya hiyo miwili unakitosha. Tazama kibodi yenyewe, juu ya namba 2. Ukiona @, chagua English United States. Ukiona alama ya kunukuu, na £ juu ya namba 3, chagua English United Kingdom. Enter nayo inasema: ya Uingereza imesimama ikichukua mistari miwili, ya Marekani imelala kwenye mmoja. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutobadilisha ovyo. Kwenye laptopu nyingi matundu ya jalada la juu yamekatwa kufuata umbo la Enter, na kibodi ya nchi nyingine haiingii.

Ikiwa jana iliandika vizuri na leo imegeuka, kuna mkono uliogusa Alt ya kushoto pamoja na Shift. Mipangilio miwili ikiwepo ndani, hivyo vitufe viwili huigeuza kwa zamu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, urudishe.

Kinachoniuma zaidi ni ukurasa wa kuingilia. Huo una mpangilio wake, na unaweza kutofautiana na ule unaotumia ukishaingia. Nywila yako ina @ au z, unaipiga sawasawa, inakataa. Unaambiwa Windows imeharibika, inapigwa upya, na picha za harusi na tasnifu ya chuo zinakwenda. Jamani, kabla ya hapo bonyeza alama ya jicho pembeni ya nywila usome kilichoandikwa kweli, kisha tazama herufi za lugha chini kulia. Ukishaingia, nenda Control Panel, Region, Administrative, Copy settings, uweke tiki kwenye Welcome screen.

Vitabu vinasema futa mpangilio usiouhitaji na umemaliza. Sivyo ilivyo mezani. Kuna mashine ambazo English United Kingdom hurudi yenyewe baada ya kuwasha upya, na kwenye orodha haionekani ili uifute. Ninachofanya ni kuiongeza kwa makusudi, kisha kuiondoa. Mara nyingi hukubali. Si kila mara, na simwahidi mteja.

Mengine nayapitia haraka. "Jambo" ikitoka "1a0b6", Num Lock imewaka. Kwenye baadhi ya laptopu zisizo na uwanja wa namba, U, I, O, J, K, L na M hugeuka tarakimu. Zima kwa Fn na kitufe chenye maandishi NumLk. Kibodi ikikataa kuandika mpaka ushikilie kitufe kwa muda, umeshikilia Shift ya kulia sekunde 8 na Filter Keys imewaka. Zima.

Ubovu wa kweli upo. Unganisha kibodi ya nje ya USB: ikifanya kosa lilelile, ya ndani haina hatia. Ikiandika vizuri huku ya ndani imekaa kimya, hapo nakubaliana nawe. Vitufe vinavyokufa pamoja huwa vimetawanyika, maana vinashirikiana njia moja ya umeme chini, kwa hiyo usishangae herufi za pande tofauti zikizimika siku moja. Chai ikimwagika, nasafisha kwa pombe ya isopropili. Nyingine hudumu, nyingine hurudi na tatizo, na fundi anayekuhakikishia mapema anakupa tumaini tu.

Na upya wa kiwandani si kinga. Apple waliuza MacBook zenye vitufe vya muundo wa kipepeo kuanzia 2015, vikakwama kwa vumbi kiasi kwamba mwaka 2018 walitangaza mpango wa kuzitengeneza bure. Kwa hiyo ikiwa yako imetoka dukani na boksi lake, umeshaangalia namba 2, umejaribu kibodi ya nje, na vitufe bado vimekufa, usiniletee mimi wala fundi mwingine. Kibodi nyingi za laptopu nyembamba zimeunganishwa na jalada la juu kwa misumari ya plastiki iliyoyeyushwa. Tukiibandua haishiki tena kama mwanzo, na muuzaji akiona imefunguliwa ana kisingizio cha kukataa dhamana. Chukua risiti, irudishe dukani.