Uwazi wa mishahara ni nini, na unamgusaje mwajiri

Matangazo mengi ya kazi huishia na "mshahara mnono" au "mshahara maelewano". Uwazi wa mishahara unaanzia hapo hapo: mwombaji ajue kiasi, au walau kiwango cha chini na cha juu, kabla ya usaili. Kuandika "kati ya laki 4 na milioni 2" si uwazi, ni maelewano yaliyovaa namba. Wala hakuna anayetakiwa kubandika hati za mishahara ukutani, jambo ambalo waajiri huliogopa bure.

Sheria mpya inayotajwa sana ni agizo 2023/970 la Umoja wa Ulaya. Nchi wanachama zilipewa hadi 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao. Linamkataza mwajiri kumuuliza mwombaji alikuwa analipwa ngapi alikotoka. Mfanyakazi akiomba, apewe kwa maandishi, ndani ya miezi 2, wastani wa malipo ya wanaume na wa wanawake wanaofanya kazi yenye thamani sawa na yake.

Agizo hilo halimfungi mwajiri wa Dodoma. Kinachomfunga ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, nayo inadai ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa.

"Thamani sawa" ndipo wengi wanapokwama, maana wanaangalia cheo. Chukua hoteli ya Area D yenye mtunza stoo mwanamume na mhudumu wa mapokezi mwanamke. Pima mambo manne: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Mmoja anashika mali, mwingine anashika fedha za wageni na zamu za usiku. Wakilingana, anayelipwa zaidi lazima awe na sababu inayoandikika, kama miaka kazini. "Alijua kuomba" si sababu. Posho nazo ziingie kwenye hesabu: mara nyingi mshahara wa msingi unalingana, tofauti imejificha kwenye nauli na muda wa maongezi.

Tangazo liseme pia kama kiasi ni ghafi au cha mkononi. Kwa viwango vya 2024, ukitoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa 10% (60,000) na kodi ya mshahara, PAYE (24,000), laki 6 ghafi inabaki 516,000. Aliyeelewa laki 6 mkononi atagombana na mhasibu mwezi wa kwanza tu, ilhali mhasibu hakukosea.