Chai ya kupunguza tumbo: kinachopungua si mafuta

Swali: Hizi chai zina nini ndani?
Jibu: Soma boksi. Mara nyingi utakuta chai ya kijani, tangawizi, na sanamaki iliyoandikwa "senna". Chai ya kijani, kwa kafeini na katekini zake (kemikali za asili za majani ya chai), huuongezea mwili kasi ya kutumia nishati, lakini kidogo mno. Kwenye mzani hutaona tofauti ya maana. Kinachokupeleka chooni ni sanamaki, nayo ni dawa ya kufungua choo.

Swali: Mbona nimepungua kilo mbili kwa wiki?
Jibu: Umepungua maji. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, saa 6 hadi 12 baada ya kuinywa, wakati chapati na mafuta yake vimeshaingia mwilini. Kuhara si kuchoma mafuta. Ukinywa maji vizuri, kilo zako zinarudi.

Swali: Nikiinywa nalegea, moyo unakwenda mbio. Nimeambiwa ni sumu zinatoka.
Jibu: Hapana. Hakuna sumu inayotoka. Yanatoka maji na madini ya potasiamu, ambayo misuli na moyo haviwezi kufanya kazi bila hayo. Taka za mwili zina wenyewe: ini na figo.

Nilimpokea mama mmoja akitembea kwa kushika ukuta, misuli ya miguu imembana, boksi la chai liko kwenye mkoba. Alikuwa ameharisha siku tano. Kila alipozidi kulegea aliongeza kikombe, maana aliambiwa hiyo ndiyo dalili kwamba chai imemkubali. Siku tano, jamani! Kulegea ni dalili ya kuacha chai na kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukizimia, moyo ukidunda ovyo au mkojo ukikauka, nenda saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na ubebe boksi lenyewe. Usisubiri sumu ziishe. Hakuna sumu.

Swali: Natumia dawa za presha au kisukari. Je?
Jibu: Usiiguse. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, tayari hupunguza potasiamu. Sanamaki inamalizia iliyobaki. Na wewe uliyeacha vidonge vya sukari ili "ujaribu chai kwanza", virudie leo na uje upimwe.

Swali: Kama boksi halijaandikwa sanamaki?
Jibu: Sina imani nalo pia. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo na kuleta kiharusi. Bado inakamatwa ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zinazojiita za asili.

Swali: Basi ninywe chai gani?
Jibu: Ya nyumbani kwako, bila sukari. Ukizoea vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko 9. Anza kupunguza hapo. Wajawazito mnaomeza vidonge vya kuongeza damu, msivimeze na chai: pisheni angalau saa nzima, maana chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa.