Nauli ya Likizo: Yanayosemwa Barazani na Yanayotozwa Dirishani

Kila ifikapo Novemba, familia nyingi za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam huanza kupiga hesabu ya likizo ya Desemba, na karibu kila familia ina mjomba au jirani mwenye kanuni yake ya kupata nauli nafuu. Baadhi ya kanuni hizo zilikuwa za kweli zamani, nyingine ni za kweli katika nchi nyingine, na chache hazijawahi kuwa za kweli popote. Zinatugharimu kwa sababu moja kubwa: zote hutazama bei iliyoandikwa kwenye tiketi, ilhali msafiri hulipia safari nzima, tangu anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapotua mzigo kule anakofikia.

"Ndege ikikaribia kuondoka, viti vilivyobaki huuzwa kwa bei ya kutupa"

Dhana hii imezaliwa sokoni. Muuza nyanya hushusha bei jioni kwa kuwa nyanya za leo hazitauzika kesho, na kiti cha ndege nacho, ndege ikisharuka, hakina thamani tena. Mfano huo unaonekana kukaa sawa mpaka mtu ajiulize mnunuzi wa jioni ni nani. Anayetafuta tiketi ya kwenda Mwanza kesho asubuhi mara nyingi ni mfanyabiashara mwenye kikao, mtumishi anayelipiwa na ofisi, au mtu aliyepokea habari za msiba, na wote hao hawana nafasi ya kungoja. Shirika la ndege linalijua hilo kutokana na kumbukumbu za miaka mingi ya mauzo, kwa hiyo huwawekea viti kadhaa vya bei ya juu badala ya kuvimaliza kwa watalii waliokuja mapema.

Viti vya ndege moja, hata vile vya daraja la kawaida peke yake, hugawanywa katika makundi ya bei yanayotambulishwa kwa herufi, na kila kundi lina nauli yake na masharti yake ya kubadilisha tarehe au kurejeshewa fedha. Kundi la chini likijaa, mfumo huuza kutoka kundi linalofuata. Ndiyo maana abiria wawili walioketi bega kwa bega, wakala chakula kilekile, wanaweza kuwa wamelipa nauli zinazopishana mara mbili.

Kutokana na utaratibu huo kuna jambo moja ambalo wasafiri wa kifamilia hawaambiwi. Ukiomba viti vitano kwa mara moja na katika kundi la bei ya chini vimebaki vitatu tu, mifumo mingi ya mauzo itakupa vyote vitano kwa bei ya kundi la juu. Kabla ya kulipa, tafuta bei ya abiria mmoja, kisha ya watatu, kisha ya watano; ikiwa bei ya kila kichwa inapanda katikati, utajua viti vya nafuu vimeishia wapi, na unaweza kukata tiketi kwa mafungu mawili. Hasara ya kufanya hivyo ni kwamba safari ikivurugika shirika halitawatambua kama kundi moja, kwa hiyo mtoto asiachwe kwenye fungu lisilo na mtu mzima.

Utaratibu huohuo unaeleza ule uvumi kwamba kompyuta "inakukariri" na kupandisha bei kila unapoitafuta safari ileile. Kwa kawaida kilichotokea kati ya saa nne asubuhi na saa nne usiku ni kwamba watu wengine wamenunua viti na kundi la chini limefungwa. Kufuta kumbukumbu za kivinjari hakuna ubaya, ila hakumrudishi mnunuzi aliyekutangulia. Uvumi wa Jumanne, kwamba hiyo ndiyo siku ya kununua, nao umepitwa na wakati, maana siku hizi bei hubadilishwa na programu saa yoyote. Siku ya kusafiri ndiyo yenye uzito: Jumanne au Jumatano mara nyingi huwa na nauli ya chini kuliko Ijumaa jioni na Jumapili.

Dhana ya bei ya kutupa ina ukweli mahali pamoja. Ndege za kukodi zinazoleta watalii kutoka Ulaya, kama zile za Waitaliano wanaoshukia Zanzibar, huuzwa pamoja na hoteli, na kampuni iliyokwisha kulipia ndege na vyumba huweza kushusha bei siku za mwisho ili isipate hasara ya vyote. Aliyeko Milano anaweza kungoja. Aliyeko Mbeya akiiga mfano huo atabaki nyumbani.

"Basi nikate tiketi mwaka mzima kabla"

Hapa tunaanguka upande wa pili. Mashirika mengi hufungua mauzo takriban miezi kumi na moja kabla ya safari, lakini bei za siku ya kwanza si lazima ziwe za chini kabisa, kwa sababu wakati huo bado hakuna ushindani wa kuwinda abiria na ofa hazijatolewa. Kwa siku zisizo na mbadala, kama wiki ya kabla ya Krismasi, Idi inayoangukia mwisho wa juma, au siku ambazo shule zinafunga, kuwahi kunalipa, na miezi mitatu au minne si mapema kupita kiasi. Kwa safari ya katikati ya Mei kwenda pwani, haraka hiyo haina faida, kwa kuwa masika huwapunguza wageni na hoteli na ndege hubaki zikiwatafuta wateja.

Anayepanga safari kwa kufuata kalenda ya shule azitazame kalenda zote mbili. Likizo ndefu ya Kenya huanza mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, na shule za Tanzania hufunga Desemba, hivyo familia ya Nairobi inayoweza kuondoka mapema Novemba hukuta fukwe za Zanzibar zikiwa bado hazijapandishiwa bei ya sikukuu, japokuwa mvua za vuli zinaweza kuwakuta huko.

"Nauli ni ile iliyotangazwa"

Kampuni ya ndege za bei nafuu ya Fastjet ilipoanza kuruka nchini Tanzania mwezi Novemba 2012, ilitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000, na watu wengi ambao hawakuwahi kupanda ndege walipanda. Lilikuwa tangazo la kweli, ila lilikuwa na maneno mawili yaliyopita masikioni kimyakimya: "kuanzia" na "bila kodi". Kampuni hiyo ilisimamisha safari zake nchini mwishoni mwa 2018, lakini namna ile ya kutangaza imebaki.

Ada za uwanja hazipungui kwa sababu nauli imepungua. Nchini Tanzania ada ya huduma kwa abiria ni shilingi 10,000 kwa safari ya ndani na dola 40 kwa safari ya nje; nchini Kenya ni shilingi 600 za Kenya na dola 50. Kwa hiyo Mkenya anayelinganisha likizo ya Mombasa na ya Zanzibar aelewe kwamba kila abiria, kwa kwenda na kurudi, atakuwa amebeba takriban dola 90 za ada hizo kabla hajalipa hata senti ya kurushwa angani. Huo ndio ufafanuzi wa jambo linalowashangaza wengi, kwamba kuvuka mpaka ulio karibu hugharimu kuliko kuruka umbali mrefu zaidi ndani ya nchi.

Baada ya ada huja mzigo. Katika mashirika ya bei nafuu, nauli ya chini kabisa huruhusu begi la mkononi peke yake, na begi kubwa hulipiwa mbali. Kulilipia mtandaoni wakati wa kukata tiketi huwa nafuu kuliko kulilipia kwenye kaunta huku foleni ikikusukuma mgongoni. Ndege ndogo zinazotua Lamu, Ukunda au mbugani nyingi huweka kikomo cha kilo 15, tena kwa begi laini lisilo na fremu, kwa sababu sehemu ya kuhifadhia mizigo ni finyu.

"Treni ni nafuu kuliko gari" na "ndege ni ya matajiri"

Dhana hizi mbili ni pacha, kwa kuwa zote hupima chombo na kusahau njia. Chukua safari ya Nairobi kwenda Diani, ufukwe ulio kusini mwa Mombasa. Tangu Januari 2024, daraja la kawaida la treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 za Kenya, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Wazazi wawili na watoto wawili wa umri huo watalipa 4,500. Gari linalokula lita moja kwa kilomita 12 litahitaji lita 40 hivi kwa kilomita 480, na kwa bei ya shilingi 180 kwa lita hiyo ni 7,200. Kufikia hapo treni imeshinda.

Lakini treni haianzii mlangoni wala haiishii ufukweni. Huondokea Syokimau, nje ya katikati ya jiji, na huishia Miritini, bara, mbali na kisiwa cha Mombasa. Anayekaa Kikuyu atalipia teksi au matatu na kisha treni ya kuunganisha. Akifika Miritini, atalipia gari la kumpeleka kusini, ama kwa kuvuka kivuko cha Likoni, ambako mtembea kwa miguu hatozwi nauli, ama kwa barabara ya Dongo Kundu. Kisha kwa siku zote za likizo atategemea tuktuk. Treni ya usiku, ambayo wengi huipenda kwa kuwa "inaokoa siku", hufika kabla ya mapambazuko, wakati ambapo madereva wa teksi hutaja bei wanayoitaka na chumba cha hoteli hakijawa tayari. Familia yenye gari, inayokusudia kutembelea Shimba Hills na Wasini, huenda ikatumia fedha kidogo zaidi kwa kuendesha. Wachumba wawili wanaokwenda kukaa Mtwapa bila kutoka, treni inawafaa.

Ndege nayo ihesabiwe vivyo hivyo. Kutua Ukunda ni kutua Diani kwenyewe. Nauli yake ikizidi ile ya kutua uwanja wa Moi, Mombasa, toa gharama ya teksi ya kutoka Mombasa hadi Diani ndipo ulinganishe. Kosa langu la kudumu kwa miaka kadhaa lilikuwa kununua ndege ya bei ya chini kabisa inayotua saa sita usiku, na kila mara teksi ya usiku na chumba cha kulala saa chache vilimeza akiba yote na kuomba nyongeza.

Upande wa Tanzania, treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza Julai 2024 kwa nauli ya shilingi 31,000 katika daraja la kawaida, ina faida ambayo haionekani kwenye tiketi: huondokea katikati ya jiji, ilhali mabasi ya mikoani huondokea Mbezi Luis, na anayekaa Kigamboni anajua maana ya kuwahi basi la saa kumi na mbili asubuhi kule. Lakini mtu wa Kibamba, ambaye Mbezi ni jirani, ana hesabu nyingine, na asimwige wa Kigamboni.

"Desemba nauli ya basi lazima ipande"

Nchini Kenya hili ni kweli, kwa kuwa nauli huamuliwa na soko. Nchini Tanzania, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hupanga nauli za juu kabisa kwa kilomita. Tangu Desemba 2023 daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kila kilomita ya abiria, na la kati ni 67.84. Anayekwenda Moshi tarehe 22 Desemba kwa basi la madaraja hayo hapaswi kutozwa zaidi ya kiwango hicho. Linalopanda ni bei ya mlanguzi, aliyeshika viti mapema ili awauzie waliochelewa. Dawa yake ni kukata tiketi ya kielektroniki yenye jina lako na namba ya kiti kabla ya wiki ya mwisho, na kukataa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

"Tiketi mbili fupi ni nafuu kuliko moja ndefu"

Wakati mwingine ni kweli, na ndipo hatari inapoanzia. Ukinunua tiketi ya London hadi Nairobi kwa shirika moja, na ya Nairobi hadi Zanzibar kwa jingine, kwa malipo mawili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa shirika la pili halina wajibu wa kukungoja wala kukupa kiti kingine. Mbaya zaidi, ndege ya pili inaweza kuwa inaondokea Wilson, si Jomo Kenyatta, na kati ya viwanja hivyo kuna foleni za magari za Nairobi. Anayeamua kugawa tiketi alale usiku mmoja katikati, na aiingize gharama ya usiku huo katika hesabu.

Wanaorudi nyumbani kutoka Ulaya au Marekani wana njia nyingine wanayoisahau: kununua tiketi moja inayoingilia Nairobi na kutokea Dar es Salaam. Mara nyingi bei yake haipishani sana na ile ya kwenda na kurudi mji uleule, na humwokolea msafiri safari ya kurudi alikotoka. Ila asinunue kwenda na kurudi kisha akaacha kupanda kipande cha kwanza akidhani cha kurudi kitamsubiri. Kwa mashirika mengi, kipande cha kwanza kikikosewa, vyote vinavyofuata hufutwa.

Kuna gharama moja ambayo haimo katika tiketi yoyote. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huingia katika nchi za wenzao kwa kitambulisho cha taifa, lakini mpaka wa Tanzania unataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwamo. Cheti hicho huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo na, tangu 2016, hudumu maisha yote, kwa hiyo chanjo ya kale haihitaji kurudiwa. Anayekumbuka siku moja kabla ya safari ndiye hulazimika kubadilisha tarehe ya ndege na kulipia tofauti ya nauli.