Gego linaloota kimya kimya

Wazazi wanaoniletea watoto wa miaka sita au saba huja na habari za meno ya mbele: moja limeng'oka, jingine linalegea, la tatu linaota upande. Mimi nikishawasha taa, naangalia kwanza nyuma kabisa, mwisho wa safu. Mara nyingi huko nakuta gego jipya limeshachomoza na mzazi hana habari. Hana kosa. Gego hilo halimng'oi mwenzake. Huota palipokuwa patupu, nyuma ya meno yote ya utotoni. Wengi hudhani nalo ni la utotoni, litang'oka tu. Haling'oki. Ndilo atakalotafunia mpaka uzeeni.

Ukilitazama kwa karibu, uso wake wa kutafunia una vilima, na kati ya vilima kuna vifereji, vingine vyembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Chakula kinaingia humo, bakteria wanaingia, mswaki hauingii. Bakteria wakipata sukari hutoa asidi, na pH, kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi (ikishuka, asidi imezidi), madini ya enameli, gamba gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka. Floridi iliyomo kwenye dawa ya meno hulinda vizuri pande laini za jino, lakini ndani ya kifereji kinga yake ni ndogo. Ndiyo maana mtoto anayepiga mswaki asubuhi na usiku bila kukosa anaweza kutoboka gego hili hili, kisha akagombezwa nyumbani. Inaniuma kila ninapoliona hilo.

Dawa ya vifereji ni kuviziba mapema. Silanti ni utando mwembamba wa plastiki, kwa kawaida resini, unaomiminwa humo ukiwa majimaji kisha ukagandishwa. Hakuna sindano ya ganzi wala kuchimba jino. Nalisafisha gego, nalizungushia pamba, napaka jeli ya asidi ya fosforiki kwa sekunde 15 hadi 30, nasuuza, nakausha kwa hewa. Hapo mng'ao wote hupotea, jino linakuwa jeupe kama chaki. Nikiiona chaki hiyo najua enameli imefunguka vitundu vidogo mno, ambamo resini itaingia na kushika. Mbinu hiyo ya asidi tumeirithi kwa daktari wa meno Michael Buonocore, aliyeitangaza Marekani mwaka 1955. Kisha naweka resini na kuimulika taa ya buluu kwa sekunde 20 hivi.

Kinachoharibu kazi hii ni mate. Yakigusa ile chaki kabla ya resini, silanti haitashika sawasawa, itabanduka mapema. Ulimi ukipita juu ya jino, narudia kutoka kwenye asidi, hata kama mtoto ameanza kuchoka. Afadhali dakika mbili zaidi leo. Na kama ufizi bado umefunika nusu ya gego, hapakaukiki, basi hutumia gilasi ayonoma, aina nyingine ya kizibio, ambayo huvumilia unyevu na kutoa floridi. Hudumu muda mfupi zaidi, lakini huliangalia jino mpaka litokeze lote.

Swali nisiloacha kuulizwa: je, hutafungia wadudu ndani? Bakteria wachache waliobaki chini ya silanti iliyoshika hukosa sukari, hawana la kufanya. Hata uozo mchanga, ambao bado haujatoboa enameli, huweza kusimama hapo hapo ukizibwa. Pakishakuwa na tundu, habari ni nyingine: hapo jino linatibiwa na kujazwa.

Kwa takwimu za CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, silanti huzuia asilimia 80 hivi ya matundu ya meno ya nyuma kwa miaka miwili, na karibu nusu hadi miaka minne. Haifiki katikati ya jino na jino, kwa hiyo mswaki na uzi wa meno vinabaki pale pale. Kila mtoto akirudi napitisha ncha ya kifaa ukingoni mwa silanti. Ikinasa, kuna kipande kimebanduka, naongeza siku hiyo hiyo.

Gego la pili la kudumu huja karibu na miaka 12, nyuma ya lile la kwanza, kimya vilevile. Umri huo mtoto hapendi tena kuchunguliwa mdomo. Mwombe asogee dirishani penye mwanga, apanue, umtazame mwisho wa safu, juu na chini, pande zote mbili.