Fedha za Elimu ya Juu na Uchumi wa Mkoa: Maana na Namna Zinavyofanya Kazi

Serikali ikijenga kampasi ya chuo kikuu Lindi badala ya kuongeza madarasa kwenye kampasi ya Mlimani, Dar es Salaam, imefanya uamuzi wa elimu na uamuzi wa uchumi kwa mkupuo mmoja. Gharama ya kumsomesha mwanafunzi inaweza kuwa ileile, na pengine Lindi ikawa kubwa zaidi. Kinachobadilika ni mahali fedha zinapotua na mikono zinamobaki. Hiyo ndiyo dhana yenyewe: kugharamia elimu ya juu kwa nia ya kuinua uchumi wa eneo fulani, mara nyingi mkoa, kaunti au kanda iliyoachwa nyuma, mbali na kazi ya kawaida ya kuzalisha wahitimu wa taifa zima.

Tanzania ina mfano mkubwa. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 za Marekani kwa mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao wengi wanaujua kwa kifupi chake cha Kiingereza, HEET. Sehemu moja ya mradi huo ni kusogeza kampasi mikoani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kimepewa Lindi na Kagera, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) kimepewa Kigoma, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kinakwenda Njombe, Chuo Kikuu Mzumbe Tanga, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) Simiyu, na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya (MUST) Rukwa. Ukiiweka orodha hiyo juu ya ramani utaona kwamba mingi ni mikoa ya pembezoni, ambayo kijana wake akifaulu kidato cha sita hupanda basi, na wengi hawarudi isipokuwa kwa misiba na sikukuu.

Fedha za chuo huingia mkoani kwa njia zenye kasi tofauti. Ya haraka kuliko zote ni matumizi ya kila siku. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, posho ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo wa HESLB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Chukulia kampasi yenye wanufaika 3,000 wanaopata kiwango hicho: ni shilingi milioni 30 kila siku ya masomo, zinazotoka serikali kuu na kuishia kwa mama ntilie, mwenye nyumba, bodaboda na steshenari za kuchapisha kazi za darasani. Bumu, yaani posho hiyo, likitoka, mtaa mzima unajua. Wenye vyumba nao hupandisha kodi, na mpangaji ambaye si mwanafunzi, tuseme fundi au mwalimu wa shule ya msingi, hujikuta anahamia mbali zaidi.

Njia hii wanasiasa huipenda kwa sababu inaonekana kwa macho. Kwa maoni yangu ndiyo nyepesi kuliko zote. Mgodi au kambi ya jeshi navyo huleta wateja wa mama ntilie. Kwa hilo pekee huhitaji profesa. Tena inakatika upesi. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, hadi tarehe 1 Juni, biashara za jirani zilikosa wateja ghafla. Hata mwaka wa kawaida, likizo ndefu ya kabla ya Oktoba hupunguza mauzo ya maduka yaliyozoea wanafunzi.

Njia ya pili ni ya taratibu: wahitimu wanaobaki. Hapa sekta ya afya ndiyo imechunguzwa zaidi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri, kwenye miongozo yake ya mwaka 2010 na ya 2021, kwamba vyuo vya afya viwekwe karibu na maeneo ya vijijini na wanafunzi kutoka maeneo hayo wapewe nafasi, kwa sababu mtu wa namna hiyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi huko. Kwa mantiki hiyo, MUHAS kwenda Kigoma kuna uzito kuliko jengo jipya la MUHAS Dar es Salaam. Lakini mkoa usipokuwa na ajira, daktari aliyehitimu Kigoma ataondoka kama aliyehitimu Muhimbili, na mkoa utakuwa umemlea kwa ajili ya wengine.

Ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida ndefu: ujuzi unaoshikamana na shughuli za mahali. Korosho ya Lindi na Mtwara, kwa sehemu kubwa, huuzwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kampasi ya Lindi, iliyokusudiwa kujikita kwenye kilimo, itapimwa kwa hilo: je, miche, dawa za ukungu, ubanguaji na ufungashaji vitabadilika kwa sababu yake, au itatoa vyeti vilevile vinavyotolewa kwingine huku magunia yakiendelea kupanda meli?

Jambo hili limewahi kufanikiwa nchini, na kwa njia ambayo hakuna aliyeweza kuipanga. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilikuwa na wataalamu wa panya kwa sababu ya dhahiri kabisa: panya hula mahindi ya wakulima. Mwaka 2000 shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, likahamia pale, na leo panya buku wanaofundishwa Morogoro hunusa mabomu ya ardhini katika nchi nyingine, na hunusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Kazi hiyo imeleta ajira na jina kwa mji, na chimbuko lake ni utafiti wa muda mrefu juu ya tatizo la mkulima wa kawaida. Utafiti wa aina hiyo ndio mara nyingi hukatwa kwanza bajeti inapobana.

Ndiyo maana swali la fedha zinapitia wapi lina uzito kuliko ukubwa wa fedha zenyewe. Zipo fedha zinazomfuata mwanafunzi, yaani mikopo na ufadhili. Zipo zinazokwenda chuoni moja kwa moja, yaani ruzuku, mishahara na fedha za maendeleo. Zipo za utafiti. Nchi ikiegemea mno zile zinazomfuata mwanafunzi, vyuo vya mijini hushinda, kwa kuwa mwanafunzi anayechagua mwenyewe huchagua penye jina na penye ajira. Kenya ilielekea huko mwaka 2023 kwa mfumo mpya unaopima mahitaji ya familia ya kila mwanafunzi, mfumo ambao umepingwa mahakamani. Unaweza kuwa wa haki kwa mtoto wa maskini na bado ukaidhoofisha kampasi ya kaunti ya mbali.

Majengo nayo yana mtu wa kuyalipia. UDOM ilianzishwa mwaka 2007, na sehemu kubwa ya majengo yake ilijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, kwa ahadi kwamba serikali ingerejesha. Dodoma ikapata chuo kikubwa kwa muda mfupi ajabu. Marejesho yakachelewa, na mzigo wa kusubiri ukabaki kwenye michango ya wafanyakazi. Marekani ya mwaka 1862 ilitumia ardhi: sheria iliyosainiwa na Rais Lincoln iliyapa majimbo ekari 30,000 kwa kila mbunge au seneta wake, wauze na kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi. Nyingi ya ardhi hizo zilikuwa zimetwaliwa kutoka kwa wenyeji Wahindi Wekundu, kwa hiyo hapo pia gharama ilimwangukia mtu ambaye hakuulizwa.

Ukitaka kuona dhana nzima mahali pamoja, nenda Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi kilifunguliwa mwaka 1984, nje ya Nairobi kwa makusudi. Mwaka 2007 kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex kilichokuwa kimekufa, na mwaka 2019 kiwanda kikazinduliwa upya baada ya kufungwa mitambo mipya kwa mkopo wa India, kwa matumaini kwamba wakulima wa pamba wangefufuka nacho. Ni wazo la njia ya tatu hasa: chuo, kiwanda na shamba kwenye mnyororo mmoja. Lakini mwaka 2024 wafanyakazi wa chuo hichohicho waligoma kwa wiki nyingi wakidai malipo yao, na masomo yakasimama.

Kwa hiyo mkazi wa Rukwa au Simiyu anayeona kampasi ya HEET ikipauliwa ana jambo la kufuatilia baada ya ufunguzi. Mkopo wa Benki ya Dunia unajenga na kusomesha wahadhiri. Mishahara, vifaa vya maabara na fedha za utafiti za miaka itakayofuata zitatoka kwenye bajeti ya serikali inayosomwa bungeni kila Juni, na ndani ya fungu la Wizara ya Elimu ndimo zitakapoonekana, au zitakapokosekana.