Mashine ya Kusokota Fimbo za Chuma na Maana ya Kuiendesha kwa Usalama

Mashine ya kusokota fimbo za chuma ni mtambo wa karakana unaoshika fimbo kwenye ncha zake mbili, ukaizuia ncha moja isizunguke na kuizungusha ile nyingine, mpaka chuma kilicho katikati kijiviringe kama nguo iliyolowa inayokamuliwa. Kazi yake kubwa ni kutengeneza ile misokoto inayoonekana kwenye mageti, grili za madirisha, vizuizi vya ngazi na miguu ya meza za chuma. Kuiendesha kwa usalama si suala la kuvaa miwani na buti peke yake. Maana yake hasa ni kwamba mwendeshaji anajua, katika kila hatua ya kazi, nguvu ya mashine iko wapi, imehifadhiwa ndani ya nini, na itatokea upande gani ikiachiliwa.

Sehemu za mashine hii ni chache. Kuna mota ya umeme, kuna giaboksi inayopunguza mwendo wa mota, kuna kichwa kinachozunguka, na kuna kichwa kisichozunguka ambacho huteleza juu ya reli za kitanda cha mashine. Kila kichwa huwa na tundu la pembe nne au taya zinazobadilishwa kulingana na unene wa fimbo. Mota ya kawaida ya mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, ikipitishwa kwenye giaboksi inayogawa mwendo huo kwa 100, hutoa kichwani mizunguko 14 tu kwa dakika, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo nguvu ya kuzungusha inavyoongezeka. Kichwa kisichozunguka huachwa huru kuteleza kwa sababu fimbo inayosokotwa hubadilika urefu, na fimbo ya pembe nne kwa kawaida hufupika. Fundi anayekifunga kwa bolti ili kisisogee hupata msokoto uliochanganyika na mvuto, hali inayoweza kuichomoa fimbo kwenye taya au kuikata.

Kiasi cha nguvu kinachohitajika kinastahili kueleweka vizuri, maana hapa ndipo makadirio ya macho yanapodanganya. Nguvu ya kusokota fimbo ya pembe nne haiongezeki sambamba na unene wake. Huongezeka kwa mchemraba wa unene huo, yaani unene mara unene mara unene. Fimbo ya chuma laini yenye upande wa milimita 12 huanza kusokoteka moja kwa moja kwenye nguvu ya takriban nyutoni mita 80, ambayo mtu mwenye wenzo wa chuma wa nusu mita anaweza kuitoa kwa kusukuma kama anayesukuma mzigo wa kilo 16. Fimbo ya milimita 24, ambayo ni nene mara mbili tu, hudai nguvu mara 8, yaani zaidi ya nyutoni mita 600. Kwa hiyo mashine iliyopangiwa kikomo cha milimita 16 haiwezi kubembelezwa ifanye ya 20 kwa hoja kwamba tofauti ni ndogo, kwa kuwa tofauti hiyo ya milimita 4 inakaribia kuizidisha nguvu maradufu. Kitakachotangulia kushindwa kinaweza kuwa jino la gia, bolti ya taya au fyuzi, na kati ya hivyo vitatu ni fyuzi pekee inayoshindwa bila kurusha kitu.

Hatari ya kwanza ni kunaswa, na wengi huidharau kwa sababu mashine inakwenda polepole. Mtu akisimama mbele ya kinu cha kusaga kinachovuma kwa maelfu ya mizunguko, mwili wenyewe humwonya ajitenge. Kichwa kinachozunguka mara 10 kwa dakika hakimwonyi mtu yeyote. Lakini kichwa chenye kipenyo cha sentimita 10 huviringisha zaidi ya sentimita 30 za kitambaa kwa kila mzunguko, na kwa mwendo huo mzunguko mmoja huchukua sekunde 6. Maana yake ni kwamba mkono wa ovaroli ulioshikwa na pembe ya fimbo huvutwa kiasi cha sentimita 5 kila sekunde, na giaboksi yenye uwezo wa kusokota chuma haitambui kama imeongezewa mzigo wa bega la binadamu. Upole wa mwendo haumpi aliyenaswa nafasi ya kujinasua, kwa sababu kitambaa kikishazunguka mara moja na kujilalia chenyewe, hakichomoki tena kwa kuvuta. Kinachomwokoa ni kitufe cha dharura alichoweza kukifikia kwa mkono uliobaki huru, na ndiyo sababu kitufe hicho hakipaswi kuwekwa mahali pamoja tu nyuma ya mota, kama inavyoonekana kwenye mashine nyingi zilizoundwa karakanani.

Swali la glavu linatokana na hatari hiyohiyo. Fimbo iliyokatwa kwa msumeno au diski ina kingo kali, na aliyebeba fimbo kumi bila glavu atakuwa na viganja vilivyochanika kabla ya mchana. Hata hivyo, glavu karibu na kitu kinachozunguka ni mtego, kwa kuwa ngozi au nyuzi zake hunaswa kirahisi na zikinaswa huondoka na vidole vyote badala ya kukwaruza kimoja. Utaratibu unaofaa ni kuvaa glavu wakati wa kubeba, kupima na kupakia fimbo, kisha kuzivua kabla ya mkono kugusa swichi, na kuzivaa tena mashine ikishasimama. Inachosha, nakubali, na fundi mwenye oda ya grili ishirini atatamani kuziacha mkononi siku nzima. Dawa ya uchovu huo ni kuondoa sababu ya kuweka mkono karibu na kichwa wakati kinazunguka. Kingo zichongwe kwa tupa kabla ya kupakia, fimbo ikae yenyewe kwenye taya bila kushikiliwa, na hesabu ya mizunguko isomwe kwenye alama ya rangi iliyopakwa juu ya kichwa, si kwa kupapasa msokoto kwa vidole.

Hatari ya pili haionekani kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha mwendeshaji aliyefundishwa na aliyejifunza kwa kutazama. Chuma kinaposokotwa, sehemu kubwa ya mgeuko wake hubaki hapo daima, lakini sehemu ndogo ni ya kinyumbufu: hutaka kurudi. Mota ikizimwa, fimbo haijatulia; imebanwa kati ya vichwa viwili kama springi iliyojaa. Katika mashine zenye gia ya parafujo hali huwa ya hila zaidi, kwa sababu gia za aina hiyo mara nyingi haziruhusu kichwa kurudi nyuma chenyewe, kwa hiyo mzigo wote hubaki ndani ya fimbo ingawa kila kitu kimenyamaza na taa ya mota imezimika. Kwa fimbo ya milimita 12 ya chuma laini, hesabu hutoa mrejeo wa takriban nyuzi 20 kwa kila mita iliyosokotwa, na fimbo nyembamba zaidi hurudi kwa pembe kubwa zaidi. Nishati iliyohifadhiwa katika mita moja ya fimbo ya milimita 24 hukaribia ile ya mzigo wa kilo 6 ulioangushwa kutoka urefu wa mita moja.

Sasa mtazame anayelegeza bolti za taya kwa spana wakati fimbo iko katika hali hiyo. Bolti ya kwanza hutoka kwa ugumu kuliko kawaida, na ugumu huo ndio dalili yenyewe. Ya pili ikilegea, fimbo hujipindua ndani ya taya kwa mshindo mmoja, pembe zake hugonga vifundo vya vidole, na spana iliyokuwa imekaa juu ya bolti hurushwa. Njia sahihi ni kuirudisha mashine kinyume kidogo kidogo, kwa kubonyeza na kuachia, mpaka fimbo icheze ndani ya tundu lake. Ikicheza, mzigo umekwisha, na hapo ndipo mkono unaweza kuikaribia. Mrejeo huohuo ndio unaoeleza kwa nini fundi anayetaka mzunguko mmoja kamili hulazimika kuupitiliza kwa nyuzi kadhaa, na kwa nini kipande cha majaribio kutoka kwenye fungu lilelile la chuma ni muhimu kabla ya kuanza oda yenye vipande vingi vinavyopaswa kufanana.

Kitufe cha kurudisha kinyume hakipaswi kubonyezwa mota ikiwa bado inazunguka upande wa kwanza. Mashine husimamishwa kwanza ikatulia kabisa.

Chuma chenyewe nacho kina maneno yake. Fimbo iliyotoka kiwandani ikiwa na ngozi nyeusi huanza kumwaga magamba mara tu msokoto unapoanza: ngozi hiyo ni kavu na haisokoteki pamoja na chuma kilicho chini yake, kwa hiyo hupasuka kwa mistari ya mshazari na kuruka kama vipande vya ganda la yai. Ndiyo kazi ya miwani ya usalama hapa, na miwani ya kawaida ya kusomea haizibi pembeni ambako magamba hupitia. Chuma laini huvumilia mizunguko mingi, lakini kila mzunguko hukiongezea ugumu na kukipunguzia uvumilivu. Msokoto wa baridi, yaani wa chuma kisichopashwa moto, umewahi kutumika kwa faida: mwaka 1884 Ernest Ransome, mhandisi mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi California, alipata hataza ya fimbo za pembe nne zilizosokotwa ili zishikane vizuri na zege. Karakanani, hata hivyo, ugumu unaoongezeka maana yake ni kwamba fimbo isiyosokotwa sawasawa haifai kufunguliwa na kusokotwa upya, kwani ufa unaweza kuwa umekwisha kuanza bila kuonekana.

Chuma cha kalibu hakisokotwi, hukatika ghafla. Chuma chenye kaboni nyingi, kama kile cha springi au cha zana, kikiwa baridi huweza kufanya vivyo hivyo, na fimbo iliyookotwa kwenye chuma chakavu bila kujulikana asili yake ichukuliwe kuwa ya aina hiyo mpaka kipande kifupi kijaribiwe. Fimbo iliyoungwa kwa kuchomelea katikati ya sehemu itakayosokotwa nayo ni ya kuachwa, kwa sababu kiungio na chuma kinachokizunguka havisokoteki kwa kiwango kimoja. Kwa hali hizi zote, mahali pa kusimama ni ubavuni mwa mashine, karibu na swichi, wala si kwenye mstari wa fimbo nyuma ya kichwa chochote, kwa kuwa kipande kilichokatika huweza kutoka kufuata mstari huo. Anayepita nyuma ya kichwa kinachoteleza kwenda kuchukua kitu hajui kwamba yuko kwenye njia ya fimbo, na ndiyo maana njia hiyo izibwe kwa kizuizi badala ya kutegemea watu kukumbuka.

Fimbo ndefu na nyembamba hufanya jambo jingine. Badala ya kusokoteka kwa unyofu, hukunjika upande kama upinde, na zikizunguka huku zimekunjika hupiga kila kilicho karibu. Mafundi huzipitisha ndani ya bomba lenye nafasi ndogo tu ya ziada, nalo bomba hushikilia unyofu na kuwa kinga kwa wakati mmoja. Fimbo ikikunjika kidogo wakati hakuna bomba, jibu ni kusimamisha. Kuisukuma kwa mkono au kwa kipande cha mbao irudi kwenye mstari ni jambo linaloonekana la busara kwa sekunde moja tu.

Kuhusu kusokota kwa moto, mashine iliyoundwa kwa kazi ya baridi isitumike hivyo bila ruhusa ya muundo wake, kwa sababu joto hufika kwenye grisi na beringi. Chuma kilichopakwa zinki kisipashwe moto kabisa ndani ya karakana, maana moshi wa zinki huleta homa. Ikumbukwe pia kwamba chuma kilichopoteza wekundu bado kinaweza kuwa na joto la nyuzi mamia kadhaa, na kwa macho hakitofautiani na fimbo iliyolala sakafuni tangu jana.

Uendeshaji ufanywe na mtu mmoja. Palipo na wawili, mmoja akirekebisha fimbo na mwingine akiwa swichini, ajali hutokana na neno moja lililosikika vibaya kwenye kelele, "tayari" likachukuliwa badala ya "bado". Pedali ya mguu inayozungusha mashine wakati imekanyagwa tu, na kuisimamisha inapoachiwa, ni bora kuliko swichi ya kuwasha na kuacha, ilimradi iwe na kifuniko juu yake ili kipande cha chuma kinachoanguka kisiikanyage. Wakati wa kubadilisha taya, kuzima kitufe cha mbele hakutoshi. Swichi kuu izimwe na ifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi hiyo. Baada ya fundi umeme kugusa nyaya za mota ya fezi tatu, mashine ijaribiwe kwanza bila fimbo, kwa kuwa kubadilishana kwa nyaya mbili tu hugeuza upande wa mzunguko, na mwendeshaji aliyezoea kurudisha kinyume ili kuondoa mzigo atakuwa anauongeza.

Tundu la pembe nne nalo huisha. Pembe zake huanza kuviringika kwa matumizi, fimbo ikawa inacheza zaidi kila wiki, hadi siku moja nguvu ikifika kileleni fimbo huruka kutoka pembe moja hadi nyingine kwa mlio mkali. Mlio huo ukisikika hata mara moja, taya hizo hutolewa na kubadilishwa kabla ya fimbo inayofuata kupakiwa.