Kufu ni ya nani?

Mfunguo Mosi uliopita niliitwa Wete, Pemba, kupokea posa ya binti wa ukoo wetu. Mposaji ni fundi wa mashine za boti, kijana wa msikitini, hana deni la mtu. Mama yake Mtumbatu. Baba yake amezaliwa Unguja, lakini babu yake alivuka bahari kutoka Unyamwezini kuja kuchuma karafuu, akalowea. Barua ilisomwa, ikakunjwa, ikarudishwa ndani ya bahasha, na Ami yetu mkubwa akasema: "Kijana hana kasoro. Ila si kufu yetu." Mambo yakaisha hapo. Watu wakanywa kahawa na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya karafuu.

Sikusema kitu. Mbele ya Ami sikuzoea kusema. Lakini nimeshalisikia neno hili likitumiwa hivyo katika posa za Mkoani, za Makunduchi na za Mjini, na kila mara linaniuma, kwa sababu kazi yangu ni kusomesha chuoni na kufu ni miongoni mwa maneno ninayoyasomesha.

Maana yake ni fupi. Kufu ni ulinganifu wa mume kwa mke katika mambo maalumu yanayotazamwa wakati wa kufunga ndoa, ili mke asije akafedheheka kwa kuolewa na mtu wa chini ya hali yake. Mume ndiye anayepimwa, na anapimwa kwa mke. Wengi wetu tumeyasoma haya utotoni.

Neno lenyewe tunalitamka kila siku, pengine mara kumi katika sala, wala hatulisikii. Suratul Ikhlas inamalizika kwa "wa lam yakun lahu kufuwan ahad": wala hana yeyote aliye kufu yake, yaani aliye sawa naye. Mtoto wa miaka minne wa Kipemba anaisoma aya hiyo kwa moyo. Mzizi wa neno ni herufi tatu za Kiarabu, kaf, fe na hamza, na popote mzizi huo unapoota unazaa maana ya kulingana. Hadithi ya akika inasema mtoto wa kiume achinjiwe mbuzi wawili "mukaafiataani", mbuzi wanaolingana, asitafutiwe mmoja mnono na mwengine mkondefu. Hadithi nyengine inasema damu za Waislamu "tatakaafau", zinalingana, ya mkubwa na ya mdogo. Kumlipa mtu wema kwa wema sawa na alioutenda, Waarabu wanakuita "mukaafaa", na hilo nalo ni tawi la mti huohuo.

Niseme na hili, kwa kuwa wanafunzi huniuliza. Kufuru haina udugu na kufu. Kufuru ina re mwishoni, na asili yake ni kufunika. Faradhi kifaya nayo ni mbali, asili yake ni kutosheleza. Maneno haya yanafanana kwa sauti tu yanapoingia katika Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kinaimeza hamza.

Sasa lirudishe neno kwenye kikao cha Wete. Neno lililozaliwa kwa ajili ya kusema "sawa" limetumika kusema "chini". Hilo peke yake ningelistahamili, maana lugha hugeuka. Linaloniuma zaidi ni neno dogo lililofuata: "yetu".

Kufu haiwezi kuwa yetu. Kufu ipo baina ya watu wawili, mwanamme huyu na mwanamke huyu, na haki ya kuidai iko mikononi mwa bibi harusi na walii wake, yaani msimamizi wa ndoa yake, basi. Haimo mikononi mwa ukoo, wala mwa mtaa, wala mwa wajomba waliokuja kunywa kahawa, na mimi nikiwemo. Vitabu vya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, vimesema wazi kwamba mwanamke na walii wake wakiridhia mume asiye kufu, ndoa imesihi. Haki huweza kusamehewa na mwenyewe. Lingekuwa sharti la dini kama ilivyo wajibu wa mashahidi wawili, lisingesameheka hata kwa ridhaa ya watu wote wa Pemba.

Tena hebu tazama neno hili lilikuwa na kazi gani katika fiqhi, elimu ya sheria za dini. Madhehebu yetu yanampa baba mamlaka makubwa juu ya binti yake bikira, mamlaka ambayo wengi leo wanayaonea uzito, lakini yakamwekea mpaka: hawezi kumuoza bila ya ridhaa yake mtu asiyekuwa kufu yake. Kufu hapo ni ukuta wa kumkinga binti na baba yake mwenyewe. Halafu ukuta huo una upande wa pili. Binti akimtaka mume aliye kufu yake na walii akakataa bila ya sababu ya kisheria, kukataa huko kunaitwa "adhl", kuzuia, na kadhi ana haki ya kumuoza. Pande zote mbili neno linamtumikia binti. Sisi tumelichukua tukalifanya kufuli, na ufunguo tukaupa baraza.

Kisa cha Barira ndicho ninachopenda kukisomesha. Barira alikuwa mjakazi Madina, na mumewe Mughith alikuwa mtumwa. Bibi Aisha akamnunua Barira akamwacha huru. Kwa kuwa sasa yeye ni huru na mume bado mtumwa, alipewa hiari ya kubaki naye au kumwacha, akachagua kumwacha. Mughith alikuwa akimfuata njiani huku analia mpaka machozi yanamtiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) akamwonea huruma, akamwambia Barira lau angemrudia. Barira akauliza: unaniamrisha? Akajibiwa: hapana, ninamwombea tu. Akasema: basi sina haja naye. Ikawa ndiyo mwisho wake. Nabii mwenyewe hakuliondoa neno mkononi mwa mwanamke aliyekuwa jana tu mjakazi. Nikilisoma hilo huwa najiuliza sisi wenye barua na bahasha tumeipata wapi nguvu ya kumpita.

Sitasema kwamba nasaba haimo katika kufu. Imo. Wako wenzangu wanaowaambia vijana kuwa haimo kabisa, na wanakosea, hata kama nia yao ni njema. Wanazuoni wa Kishafi wanahesabu mambo matano: kusalimika na maradhi yanayovunja ndoa, uungwana kwa maana ya kutokuwa mtumwa, nasaba, uchaji na tabia njema, na kazi ya mtu. Mali, kwa kauli yenye nguvu zaidi, hawaihesabu, na hilo ningependa wapokeaji posa walikumbuke wanapouliza kijana ana nyumba ngapi. Imam Malik yeye aliitazama zaidi dini. Na mwanzoni mwa karne ya 20 Wahadhrami, Waarabu wa asili ya Hadhramaut, wa Singapore na Java waligawanyika vibaya juu ya suala la Sharifa, mwanamke wa kizazi cha Mtume, kuolewa na asiyekuwa Sharifu, ugomvi uliovunja jumuiya na kuzaa nyengine. Kwa hivyo jambo lina uzito wake, na wakubwa wamelipinga na kulitetea kwa elimu.

Lakini nasaba iliyomo vitabuni ni ipi? Vinataja Bani Hashim, Makureshi, Waarabu na wasiokuwa Waarabu. Mtumbatu havimjui, wala Mhadimu, Mngazija, Mpemba au Mnyamwezi. Nani kati ya hawa yuko juu ya nani, hilo tumelipanga wenyewe barazani, halafu tukalivisha kanzu ya fiqhi.

Na mpango wenyewe haukai pahala pamoja. Sensa ya mwaka 1924 iliwaandika maelfu ya watu wa visiwa hivi kuwa ni Waswahili. Ilipofika sensa ya 1931, wengi mno hawakuwa tena chini ya jina hilo. Walijitaja kwa majina mengine, Washirazi, Wahadimu, Watumbatu, na hakuna aliyehama nyumba. Jina la Mswahili lilikuwa limeshanukia utumwa, kwa kuwa walioachwa huru walilichukua, basi waliokuwa nalo zamani wakalivua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chakula cha mgao kikagawiwa kwa kufuata asili ya mtu, na kuwa nani kukawa ni suala la mchele. Mnamo 1957 jina la Shirazi likaingia kwenye jina la chama cha siasa. Baba wa babu yangu, kwa karatasi, amekuwa watu watatu tofauti bila ya kutoka Konde.

Pemba ndiyo zaidi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki kikawa ndicho cha karafuu, na Waarabu waliokuja kulima huku waliishi bega kwa bega na wenyeji, wakaoa kwao, wakazaa nao. Hata huko ikulu Mjini haikuwa vyengine. Sayyid Majid na Sayyid Barghash walitawala mmoja baada ya mwengine, na mama zao wote wawili walikuwa masuria, mmoja ametoka Kaukazi, mwengine Uhabeshi. Nasaba katika sheria inakwenda kwa baba, na hakuna aliyesema Barghash si mwana wa Said. Mwenye kupekua ukoo wa mposaji kwa upande wa bibi mzaa mama, na kuacha wa kwake, anapima kwa mizani ya upande mmoja.

Uungwana, la pili katika yale matano, umebaki kwa njia inayonihuzunisha. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba Aprili 1897, na masuria wakafuatia mwaka 1909. Hakuna leo mtumwa wala bwana. Bado lakini nasikia neno "mzalia", yaani aliyezaliwa na watumwa, likinong'onwa nyuma ya mlango siku ya posa, na linaponong'onwa tu ujue ndilo linalosimama nyuma ya "si kufu yetu". Alivyovuka bahari babu wa yule kijana, kwa miguu yake au kwa minyororo, hakuna aliyeuliza waziwazi. Kila mmoja alijijibia moyoni.

Fatima bint Qays alikuwa Mkureshi. Alipotoka eda, Wakureshi wawili walimposa, Muawiya na Abu Jahm, akaenda kumtaka shauri Mtume. Akaambiwa Muawiya hana mali, na Abu Jahm fimbo haishuki begani mwake, yaani ni mpigaji. Akaambiwa aolewe na Usama, mtoto wa Zayd, na Zayd alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Fatima hakupendezwa mwanzoni, na hadithi haikulificha hilo. Akarudiwa kuambiwa, akaridhia, na mwenyewe amesimulia kuwa Mungu alitia kheri ndani yake. Ninamtaja kwa sababu ya ile fimbo. Mkureshi mwenye nasaba yote alipitwa kwa ajili ya tabia ya mkono wake.

Ami, shikamoo. Najua maneno haya yatakufikia, kwa sababu Wete ni ndogo. Una haki ya kutoridhika na kijana, na kama hofu yako ni kabila lake, lisemwe kabila, ili nasi tulijue tunalolijadili na tukujibu kwa adabu. Kufu tuiachie mahala pake. Mwenye kufu alikuwa ndani siku ile, upande wa uani, anawatilia wageni kahawa kwenye vikombe, na mpaka tunaondoka hakuna aliyekwenda kumuuliza.